Lord Delamere na siri ya nyasi za Njoro

JINA la Lord Delamere halihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Bonde la Ufa. Wasafiri wanaotumia barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru hupita kando ya shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, na wengi wao huwa wameshasimama Naivasha kununua maziwa katika duka lenye jina hilo. Vitabu vya historia humtaja kama kiongozi wa walowezi, mtwaaji wa ardhi na mmoja wa waanzilishi wa kilimo cha ngano nchini. Jambo linalotajwa kwa nadra ni kwamba ardhi ya kwanza aliyopewa ilimshinda. Sababu mojawapo ya kushindwa huko ilikuja kufahamika baada ya kifo chake, nayo inahusu pia namna ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unavyoumbika tumboni mwa mama.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Aprili 28, 1870 katika jimbo la Cheshire, Uingereza, katika ukoo wa mabwanyenye wenye mashamba makubwa na madeni yasiyo madogo. Alisomea Eton. Babake alipofariki mwaka wa 1887, kijana huyo wa miaka 17 akarithi cheo na kuwa baron wa tatu wa Delamere. Maisha ya kukaa nyumbani na kuhesabu kodi za wapangaji hayakumvutia. Mwaka wa 1891 alisafiri hadi nchi ya Wasomali kuwinda simba, na tangu hapo Afrika haikumtoka moyoni.

Uwindaji huo nusura umwangamize. Mwaka wa 1894 simba alimrukia na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni Abdullah Ashur, Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, ambaye alimvamia simba huyo kwa mikono mitupu na kumpa bwana wake nafasi ya kuifikia silaha yake. Delamere alichechemea kwa maisha yake yote yaliyobakia. Mtu huwaza jinsi historia ya Bonde la Ufa ingekuwa tofauti lau Abdullah angetimua mbio siku ile, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Mnamo 1897, baada ya safari ndefu ya ngamia kutoka kaskazini kupitia jangwani, Delamere alifika katika nyanda za juu za Kenya. Aliyemaliza miezi mingi akitazama mchanga na miiba sasa aliona nyasi za kijani, mito na hewa baridi. Alirejea Uingereza, na mwaka wa 1899 akamwoa Lady Florence Cole, binti wa mkuu mmoja wa Ireland. Mwana wao Thomas alizaliwa mwaka wa 1900. Mwaka wa 1903 familia hiyo ilikuwa tayari Afrika Mashariki, na Delamere akaanza kuomba ardhi.

Maombi yake ya kwanza yalikataliwa. Hatimaye serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 katika eneo la Njoro kwa muda wa miaka 99. Alitakiwa kulipa pauni 200 kwa mwaka na kutumia pauni 5,000 kuendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Shamba hilo alilipa jina la Equator Ranch. Reli ya Uganda ilikuwa imeshapita Nakuru na kufika Ziwa Victoria mwaka wa 1901, na serikali ilihitaji walowezi watakaozalisha mizigo ya kulipia gharama zake. Lady Florence, aliyelelewa katika jumba la kifahari, akajikuta akiishi katika kibanda cha udongo na nyasi.

Mpango wa Delamere ulikuwa kondoo. Aliagiza kondoo wa merino kutoka ng'ambo, na pia akawachanganya madume wa kigeni na kondoo wa kienyeji ili kupata sufi bora. Ng'ombe wa kizungu nao waliletwa. Kwa macho, malisho ya Njoro hayakuwa na kasoro: nyasi zilikuwa ndefu, mvua ilitosha, maji yalikuwepo. Lakini kondoo walianza kukonda wakiwa katikati ya nyasi hizo. Walidhoofika, wakaishiwa damu, wakafa kwa wingi. Ng'ombe nao walishambuliwa na homa ya mapafu na maradhi yanayoletwa na kupe.

Wafugaji wa Kimaasai waliolitumia bonde hili kabla yake hawakukaa na mifugo mahali pamoja mwaka mzima. Walihama kulingana na majira, na waliwapeleka wanyama kulamba udongo wenye chumvichumvi. Mlowezi aliyezungushia ardhi yake ua na kuwafungia kondoo ndani aliwanyima, bila kujua, dawa ambayo kuhamahama kulikuwa kukiwapa. Hili si suala la kuwasifu wahenga kupita kiasi. Wamaasai pia walipoteza ng'ombe wengi kwa maradhi, hasa katika balaa la sotoka la miaka ya 1890. Ila katika jambo hili la malisho, ujuzi wao ulikuwa mbele ya ule wa Delamere.

Alipoona kondoo wanamfilisi, aligeukia ngano. Alilima mamia kwa mamia ya ekari, na zao la mwanzo likampa matumaini makubwa kabla ya ugonjwa wa kutu kuvamia mashamba na kuyateketeza. Hapo ndipo tabia yake njema kuliko zote ilipojitokeza. Badala ya kukata tamaa, alimwajiri mtaalamu, akaanzisha maabara Njoro, na kazi ya kuchanganya mbegu ili kupata ngano inayostahimili kutu ikaanza. Njoro imeendelea kuwa makao ya utafiti wa ngano, na tangu 2005 mbegu kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa huko kupimwa dhidi ya aina hatari ya kutu iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka wa 1908 Delamere aliongoza kuanzishwa kwa kampuni ya kusaga nafaka iliyoitwa Unga. Alijaribu pia kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya yaliyopamba kofia za wanawake wa Ulaya, lakini magari yakaenea, kofia zile zikapeperushwa na upepo, na biashara hiyo ikafa.

Ufugaji hakuuacha, bali aliuhamisha. Alijipatia ardhi nyingine kubwa upande wa Elmenteita, yaani Soysambu, na huko kondoo na ng'ombe wakastawi. Ni umbali wa mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Njoro, lakini udongo ni mwingine.

Ardhi hiyo haikuwa ya mtu asiyejulikana. Chini ya mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katikati ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliambiwa makubaliano yale yangedumu, lakini mwaka wa 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi yao ikatupwa. Delamere alipenda kukaa na Wamaasai, alijifunza lugha yao, na aliwaajiri kama wachungaji. Mapenzi hayo hayakumzuia kunufaika na kuhamishwa kwao, na mwandishi wa maisha yake hana budi kuyasema yote mawili kwa sauti moja.

Katika siasa alikuwa sauti ya walowezi. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1907, akawa mwiba kwa magavana, na alitaka nyanda za juu ziwe za wazungu pekee. Azimio la serikali ya Uingereza la mwaka wa 1923, lililotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa nchini Kenya, lilikuwa pigo kwa ndoto yake ya utawala wa walowezi, ingawa walowezi hawakunyang'anywa ardhi. Vituko vyake katika hoteli ya Norfolk jijini Nairobi vilisimuliwa kwa miaka mingi; tutaviacha viendelee kusimuliwa.

Lady Florence alifariki mwaka wa 1914, afya yake ikiwa imedhoofika. Delamere alioa tena mwaka wa 1928. Mkewe wa pili, Gwladys, alikuja kuwa meya wa Nairobi baada ya kifo cha mumewe. Delamere mwenyewe alifariki Novemba 13, 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akaacha madeni makubwa na kuzikwa Soysambu. Sanamu yake iliwekwa katika barabara ya Delamere jijini Nairobi. Baada ya uhuru barabara hiyo ikapewa jina la Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu, inakoutazama mlima ambao wenyeji wengi wanaufananisha na mtu aliyelala.

Mwaka huo huo wa 1931 zilichapishwa ripoti za uchunguzi alioufanya mwanasayansi wa Uskoti, John Boyd Orr, pamoja na wenzake, kuhusu lishe na malisho nchini Kenya. Kwa wakati huo ugonjwa wa mifugo kukonda ulikuwa umeshapewa jina la mji wetu: madaktari wa mifugo waliuita Nakuruitis. Walidhani kinachokosekana katika nyasi ni madini ya chuma, kwa kuwa wanyama waliishiwa damu. Mwaka wa 1935 watafiti nchini Australia, waliokuwa wakipambana na ugonjwa kama huo, waligundua kwamba chuma hakikuwa kisa. Kilichopungua ni kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno hivi kwamba hakuna aliyefikiria kuyatafuta. Udongo wa majivu ya volkeno, kama ule wa sehemu nyingi za Nakuru, unaweza kuotesha nyasi nzuri ajabu na bado ukakosa chembe hizo.

Kazi ya kobalti ilieleweka mwaka wa 1948, vitamini B12 ilipotengwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani na Uingereza. Katikati ya kila chembe ya vitamini hiyo pana kobalti. Vijidudu wanaoishi katika tumbo la kwanza la wanyama wanaocheua huitumia kobalti kutengeneza B12, na mnyama hujipatia vitamini yake humo. Kondoo wa Delamere walikuwa na tumbo lililojaa nyasi na vijidudu wasio na malighafi. Binadamu hana karakana ya namna hiyo inayomtosheleza. Yeye huipata B12 kwa kula nyama, samaki, mayai na maziwa.

Hapa ndipo habari ya nyasi inapokutana na habari ya mimba. B12 hufanya kazi bega kwa bega na foleti, vitamini inayopatikana katika mboga za majani na maharagwe. B12 ikikosekana, foleti hunaswa katika umbo lisilotumika, na seli hushindwa kugawanyika inavyopasa. Na hakuna wakati ambapo seli hugawanyika na kusogea kwa kasi na kwa utaratibu kama majuma ya kwanza ya mimba. Katika juma la tatu tangu mimba kutungwa, mgongoni mwa kiinitete hutokea utepe wa seli. Kingo za utepe huo huinuka kama jani linalojikunja, hukutana na kushikana, zikafanya mrija. Sehemu ya mbele ya mrija huwa ubongo. Iliyosalia huwa neva za uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 hivi kazi imekwisha. Pale kingo zisipokutana, mtoto huzaliwa na kasoro ambayo hospitalini huitwa mgongo wazi, na aghalabu maji hujaa kichwani pia. Mrija usipofungika upande wa kichwani, mtoto haishi.

Lishe peke yake haitoshi kueleza mambo haya, kwa sababu vitamini ikishafika katika damu bado ina safari. Seli ni kama mji wenye karakana, maghala na njia za uchukuzi. Protini hutengenezwa ndani, lakini nyingi hazina kazi pale zilipotengenezewa. Sharti zipakiwe katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, zisafirishwe na kushushwa kwenye utando unaoizunguka seli. Miongoni mwake ni vipokezi, yaani protini zinazokaa kwenye utando huo kama mabawabu, zikaidaka B12 au foleti inayopita, zikazama nayo ndani na kisha kurudi juu kungoja nyingine. Kipokezi cha B12 katika utumbo hakiwezi hata kufika kwenye utando bila kusindikizwa na protini mwenzake. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila msindikizaji huyo, na hao huishiwa B12 hata wakila nyama kila siku. Mwaka wa 1999 ilidhihirika kwamba panya wa maabara waliokosa kipokezi kimoja cha foleti walikufa tumboni, mrija wa neva ukiwa haujafungika.

Kisa cha mwaka wa 2010 kinaonyesha uchukuzi huo waziwazi zaidi. Watafiti waliwachunguza panya wenye hitilafu katika jeni iitwayo Sec24b, ambayo hutoa protini inayosaidia kupakia mizigo kwenye vifuko. Mzigo mmojawapo ni protini ya Vangl2, ambayo huzielekeza seli zijipange upande mmoja ili mrija uweze kujikunja. Vangl2 ilitengenezwa kama kawaida. Ila kwa kuwa mpakiaji wake alikuwa na kasoro, ilikwama ndani ya seli, na vijusi vya panya hao vikabaki na mrija ulio wazi kutoka kichwani hadi mkiani. Jina Sec lenyewe linatokana na utafiti wa Mmarekani Randy Schekman, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza uchukuzi wa protini ndani ya hamira, hii hii inayoumua mkate wa ngano. Mwaka wa 2013 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na James Rothman na Thomas Südhof.

Madini nayo huchukuliwa kwa njia kama hiyo. Mwaka wa 1964 madaktari wa mifugo waliripoti nchini Kenya ugonjwa wa wanakondoo na wanambuzi unaofanana na ule ambao, kwingineko, ulijulikana kutokana na upungufu wa shaba: neva zao hazikukamilika tumboni, wakazaliwa wakiyumba au wasiweze kusimama. Ndani ya seli, shaba husukumwa na protini ambayo huhama kutoka ghala la ndani hadi kwenye utando pale shaba inapozidi. Mtoto wa binadamu aliyezaliwa na hitilafu katika protini hiyo huharibika ubongo mapema.

Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1991, ulioongozwa kutoka Uingereza, ulithibitisha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva walipunguza hatari ya kupata mwingine kwa takriban asilimia 72 walipotumia asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba. Uchunguzi wa Ireland wa mwaka wa 2009 ukaonyesha kuwa kina mama wenye upungufu wa B12 nao wako hatarini zaidi. Mataifa mbalimbali yakaamua kuziweka vitamini hizi katika unga. Marekani ilianza mwaka wa 1998, Afrika Kusini mwaka wa 2003. Mwaka wa 2012 Kenya iliamuru kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa viwandani uongezwe vitamini na madini, zikiwemo asidi ya foliki, B12, chuma na zinki. Kwa hivyo kampuni ile iliyoanzishwa mwaka wa 1908 na mtu aliyefilisiwa na upungufu wa kobalti sasa inatakiwa kisheria kutia katika pakiti zake vitamini iliyo na kobalti ndani yake.

Sheria hiyo inagusa pakiti tu. Njoro, Molo, Elburgon na Mau Narok ni nchi ya wakulima, na familia nyingi hupeleka mahindi ya shambani mwao katika mashine ya kusaga iliyo jirani. Unga huo haupiti kiwandani na hautiwi kitu chochote. Mama anayeutegemea, na ambaye maziwa na nyama havimfikii mara kwa mara, hupewa vidonge vya chuma na foliki anapoanza kliniki. Wengi huanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Mrija wa neva wa mtoto unakuwa umeshafungika, au umeshakosa kufungika, tangu mwezi ule wa kwanza ambao mama mwenyewe alikuwa bado hajajua kuwa ni mjamzito.